Katambuga Langu Katika Foleni ya Wajawazito

Msiitikie bado. Kwetu Njookesho hata kuitikia hadithi kuna foleni yake, na mkiitikia wote kwa mpigo atakuja afisa kuuliza nani aliyetangulia. Kaeni tu. Hadithi hii haiwahusu. Nchi yenu, ninavyosikia, ina wakunga wengi mpaka wengine wanakosa kazi wanashinda wakicheza bao. Hii ni ya kwetu, na mimi si msomi. Niliacha shule darasa la tatu, siku upepo ulipochukua paa la darasa na mwalimu akatoka akisema anayafuata mabati. Hajarudi. Kazi yangu ni kufyatua tofali. Nitasema niliyoyaona, na mahali patakapowachekesha chekeni, mimi kuchekwa nimeshazoea.

Njookesho ni nchi tajiri kwa foleni. Tuna foleni ya maji, foleni ya kitambulisho, na foleni ya kuulizia foleni ya kitambulisho imehamia wapi. Waziri wetu wa Afya, Subira na Takwimu, Mheshimiwa Machupa, alipata kusema redioni kwamba taifa lisilo na foleni ni taifa ambalo watu wake hawajui wanataka nini. Tukapiga makofi. Tulipiga kwa zamu.

Basi katika foleni zote, iliyoshinda kwa urefu ilikuwa ya kliniki ya wajawazito pale Bondeni. Wanawake walikuja alfajiri na matumbo yao, na jua likawakuta, likawapita, likawaacha. Benchi lilikuwa moja. Sasa wanawake wa Bondeni walikuwa na desturi yao: anayefika anavua ndala moja, anaipanga nyuma ya ndala iliyotangulia, kisha anakwenda kukaa chini ya upenu. Ndala inamshikia nafasi. Mbele ikisogea, mmoja anainuka anazisogeza zote. Na ole wake atakayeruka ndala ya mjamzito mwenzake. Hiyo ilikuwa aibu kuliko kuiba kuku. Hapakuwa na askari wala kanuni. Aibu ilitosha.

Ndipo siku moja wakapita wageni kutoka nchi za wafadhili, mmoja wao akaona ule umati akauliza, "Kuna msiba hapa?" Waziri Machupa akaona haya. Na waziri wetu akiona haya, wananchi hujiandaa.

*

Akaletwa mtaalamu. Jina lake Pantaleo, kijana mwembamba aliyesomea foleni ng'ambo. Msicheke, foleni inasomewa, watu wanavaa joho. Mimi nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilikuwa nimekuja kushusha tofali, kwa hiyo nilimsikia kwa masikio yangu. Alichora duara ubaoni, akachora na vitone vingi nyuma yake.

"Mheshimiwa," akasema, "hili ni beseni. Maji yanaingia kwa bomba la zimamoto, yanatoka kwa tundu la sindano. Ni lazima lifurike, hata mkiliombea. Mnawaita wanawake wote wakati mmoja, na wakunga mnao watatu. Waiteni kwa makundi, hawa asubuhi, hawa mchana. Kisha ongezeni wakunga wawili. Wawili tu. Foleni itayeyuka."

Waziri akafikiri kwa kina, mpaka walinzi wake wakavua miwani.

"Wakunga tukiwaongeza," akasema, "ni nani atakayepima kwamba foleni imepungua?"

Hapo Pantaleo akakosa jibu, na kwetu aliyekosa jibu ndiye aliyeshindwa. Wakunga wawili kati ya wale watatu wakahamishwa siku ileile kwenda Ofisi ya Kupima Foleni, chumba kipya palepale uani, cha tofali zangu. Wakapewa viti vya kuzunguka na saa za mkononi. Kazi yao ikawa kuchungulia dirishani na kupima wanawake wanachelewa kiasi gani kwa kukosa wakunga. Kwenye kliniki akabaki Sista Adelina peke yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukemea mbuzi na mikono laini kama unga.

Foleni ikarefuka hadi nje ya lango. Waziri akaja mwenyewe kukagua, na Pantaleo nyuma yake. Akaona mstari wa ndala. Akamwita mlinzi wa lango, bwana mmoja anaitwa Ngwembe.

"Hivi viatu vinafanya nini hapa?"

"Vinasubiri, Mheshimiwa."

"Na wenyewe?"

"Wenyewe wako kule upenuni, wanapiga soga."

Waziri akasimama kama mtu aliyepigwa na harufu ya pilau. Akaziangalia ndala. Akawaangalia wanawake. Akaziangalia tena ndala.

"Kwa hiyo wanawake hawasubiri," akasema polepole. "Wanaosubiri ni viatu."

"Hapana, Mheshimiwa, samahani," akadakia Pantaleo, "viatu ni alama tu ya..."

"Kijana, ni wewe uliyetufundisha kwamba muda unaanza kuhesabiwa pale mtu anapoingia kwenye foleni. Haya, nionyeshe. Aliyeingia kwenye foleni ni nani? Ni yule mama anayekula muhogo, au hii ndala?"

Jioni ile Pantaleo alipandishwa ndege, amekumbatia kinyago cha shukrani kikubwa kumzidi.

*

Hotuba mliisikia? Kwenu labda haikufika. Sisi tulisikilizishwa mara nyingi hata kasuku wa jirani yangu aliishika.

"Wananchi! Wakoloni walituachia foleni ya watu. Sisi tumewaletea foleni ya viatu! Kiatu hakichoki! Kiatu hakioni njaa! Kiatu hakizirai juani, na kiatu hakizungumzi na waandishi wa habari! Kuanzia leo, hakuna mjamzito wa Njookesho atakayesubiri hata kufumba na kufumbua. Aache kiatu, arudi nyumbani akapumzike kama malkia. Zamu ya kiatu ikifika, ataitwa kwa kipaza sauti!"

Likajengwa Banda la Viatu la Taifa. Tofali, zangu tena. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo: paa jipya, sakafu ya saruji, na feni darini ikizunguka juu ya ndala. Chumba cha Sista Adelina cha kuzalishia hakikuwa na feni, ila hakuna aliyelalamika, kwa sababu viatu vilikuwa vingi kuliko yeye.

Ngwembe akapandishwa cheo akawa Afisa Viatu Mkuu, akapewa sare na fimbo ndefu ya kusogezea. Kiatu kimoja unaacha, kimoja unabaki nacho ili ukiitwa vilinganishwe. Mjini pakajaa wanawake wa kiatu kimoja, wakipishwa na kila mtu. Na kuruka kiatu, ambako zamani kulikuwa aibu, sasa kukawa kosa la jinai. Lango likafungwa, maana mtu akikaa ndani ya uzio bila kuhudumiwa, wale wakunga wa dirishani wangelazimika kuanza kumhesabia.

Muda wa kusubiri ukashuka mpaka sifuri. Nchi jirani zikaanza kutuma watu kuja kujifunza.

*

Sasa nije kwangu.

Mke wangu aliitwa Mwasiti. Alikuwa mwanamke wa maneno. Akikuchoma kwa mdomo unaweza kuhama mtaa. Tulikaa miaka mingi bila mtoto, watu wakasema yao, mpaka mimba ikaingia wakati tulipokuwa tumekwisha kuacha kuhesabu. Alifurahi mpaka akaanza kuwasalimia maadui zake.

Mimba ilipokuwa kubwa akaanza kuvimba. Miguu kwanza.

"Baba Tofali, njoo unione," akaniita. Ndivyo alivyoniita. "Naumuka kama andazi."

Ndala zake hazikuingia tena. Alijaribu, akasukuma, akacheka, akazitupa uvunguni. Mimi nilikuwa na makatambuga yangu ya kazini, ya tairi la lori, ambayo hata matope ya kufyatulia tofali hayakuyaweza. Akayachukua. Nayo yakambana. Akachukua kisu akaukata mkanda, akaulegeza, akaufunga kwa waya.

"Leo mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii," akasema. "Wewe nenda peku."

Tukaenda hivyo hadi Bondeni. Ngwembe akalipokea katambuga langoni, akalipima uzito mkononi.

"Mama, hiki kiatu kimetoka kwenye gari gani?"

"Lori," Mwasiti akamjibu. "Ndiyo maana kitafika upesi kuliko hivyo vyenu."

Hata Ngwembe alicheka. Katambuga likawekwa mwisho wa mstari, jeusi, limekaa kama chura kati ya ndala za rangi. Tukarudi nyumbani kupumzika kama malkia.

Kisha uso nao ukavimba. Akawa ananishika mkono ananiambia kichwa kinampasuka. Siku moja, jua liko utosini, akaniambia anaona vimulimuli. Nikamfungia kitambaa kichwani, nikamrudisha langoni.

"Kiatu kiko wapi?" akauliza Ngwembe.

"Kiko humo ndani, ulikipokea mwenyewe."

"Basi mama yuko kwenye foleni tayari! Sasa anataka nini tena hapa? Mzee, mwache apumzike, unamchosha bure."

"Ngwembe, mwangalie mtu huyu. Anaumwa."

"Namwona. Na mimi binti yangu ana mimba, kiatu chake kiko kule nyuma ya hicho chenu, unafikiri nimekisogeza? Sijakisogeza." Akashusha sauti. "Ningekuwa na uwezo huo ningeanza na chake, ndugu yangu."

*

Wiki iliyofuata ukaja Ukaguzi wa Viatu. Nikaitwa mimi. Nilifurahi, nilidhani ni zamu yetu, nikakimbia na lile katambuga la pili mkononi. Kumbe nimeitwa kujibu mashtaka. Afisa kutoka wizarani alikuwa ameketi, katambuga liko juu ya meza mbele yake kwenye gazeti.

"Hiki kiatu ni cha mwanamume."

"Ndiyo, mkuu. Ni changu."

"Kwa hiyo mjamzito ni wewe?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wale wakunga wa dirishani walicheka kidogo, kisha wakaacha. Walikuwa wakunga zamani, nadhani kuna kitu walikikumbuka.

"Mke wangu amevimba, mkuu. Hakuna kiatu cha kike kinachomwingia."

"Kuvimba miguu ni dalili ya mimba. Mimba ndiyo iliyomleta kwenye foleni. Sasa unaleta sababu ya foleni kama udhuru wa kuvunja kanuni za foleni?"

Mimi darasa la tatu, ningemjibu nini? Lakini Sista Adelina alikuwa anapita uani na beseni, akasikia. Akasimama.

"Amevimba na uso?"

"Na uso, sista. Na anaona vimulimuli mchana."

Beseni likamponyoka. "Mlete! Mlete sasa hivi, mbebe, mkokote, mlete! Hiyo ni presha, kifafa cha mimba kiko mlangoni!"

"Sista," akasema yule afisa taratibu, "kuna viatu vingapi mbele yake?"

"Viatu havina presha!"

"Sheria haijasema hivyo. Ukimwingiza huyu umeruka viatu vya kina mama wengine. Wewe ni mwanamke, huoni aibu?"

Mnaona? Aibu ile ile ya wanawake wa Bondeni, waliyoitunza wenyewe chini ya upenu ili mnyonge asidhulumiwe, ndiyo akaifanya kufuli. Katambuga langu likatolewa mahali pake, likarudishwa mkiani kwa kosa la udanganyifu. Nikatolewa nje na askari, nimekumbatia lile la pili.

*

Sikungoja kuitwa. Nilimpakia Mwasiti kwenye mkokoteni wa tofali, nikatandika magunia, nikaukokota hadi Bondeni. Alikuwa ananiuliza kwa nini kumekuwa giza. Jua lilikuwa linawaka.

Nikakuta mapambo. Ilikuwa siku ya wageni. Nchi jirani zilikuwa zimekuja kumpa Waziri Machupa kombe la Foleni Sifuri. Ngoma zinalia, lango limefungwa, na Waziri anawatembeza wageni kwenye Banda, anawaonyesha feni.

Pale langoni, juu ya mkokoteni, kifafa kikampata mke wangu. Mwili ukakakamaa, ukaanza kuruka. Nilipiga kelele. Wageni wakageuka. Mmoja akauliza yule mama ana nini.

"Huyo ni wa kikundi chetu cha ngoma za asili," Waziri akasema, na tabasamu lake halikutikisika. "Wanatumbuiza kwa moyo sana."

Wakapiga makofi. Wallahi, jamani, wakapiga makofi.

Ngwembe akawaangalia wale wageni, akamwangalia Mwasiti, akatupa fimbo yake chini akafungua lango. Na Sista Adelina akaja mbio, kanga imemfunguka, ananisukuma, "Chumba kina mtu anazaa, mwingize hapo, hapo, penye paa!" Paa la karibu lilikuwa la Banda. Tukamlaza kwenye saruji katikati ya viatu, nikasukuma ndala huku na huku kumpatia nafasi. Nikaliona katambuga langu kule mkiani. Sista alipiga magoti juu ya ndala za watu akafanya kazi yake chini ya ile feni, akiita dawa ambayo ilikuwa kabatini na ufunguo wa kabati uko kwa wapima foleni, na wapima foleni walikuwa wamepangwa kwenye gwaride la kombe.

Mtoto alitoka akilia. Wa kike.

Mwasiti hakumsikia.

Kuta zile ni za tofali zangu. Nilizifyatua mimi, nikazichoma mimi. Nimekuwa nikizitazama tangu siku hiyo kutafuta ufa na sijauona. Nilizichoma vizuri.

*

Wizara ilitoa taarifa, ilisomwa redioni kwa sauti ya huzuni iliyofanyiwa mazoezi. Ilisema serikali inaungana na familia, na kwamba uchunguzi umethibitisha marehemu hakufariki akiwa kwenye foleni. Aliyekuwa kwenye foleni ni kiatu, na kiatu kimekaguliwa na ni kizima.

Sista Adelina alihamishiwa mpakani kwa kosa la kupiga magoti juu ya viatu. Ngwembe aliponea chupuchupu, akarudishiwa fimbo, akawa hacheki tena.

Mtoto nilimwita Siwatu, jina la bibi yangu. Mama mkwe, Bi Kazija, ndiye aliyemlea kwa maziwa ya mbuzi na dua. Alikuwa akimwogesha anasema naye, "Mjukuu wangu, umekuja kwa njia ya viatu, utembee basi." Mimi nilimpokea mgongoni kila nikitoka shimoni, nina udongo mpaka masikioni.

Akapata homa. Homa ile ya kuchoma, mtoto anakuwa kama tofali lililotoka tanuru. Bi Kazija akafanya ya kwake yakashindwa. Tukaenda Bondeni. Mpango ulikuwa umepanuliwa kwa mafanikio, sasa na watoto wachanga walikuwa wanaacha kiatu.

"Kiatu chake?" akauliza Ngwembe bila kuniangalia usoni.

"Ngwembe, huyu hajaanza hata kukaa."

"Najua," akasema. "Najua, ndugu yangu. Lakini bila kiatu hayupo."

Nilisimama pale, mtoto anapumua kwa kukoroma shingoni mwangu. Bi Kazija alikaa chini vumbini akajifunika uso kwa ushungi. Na hapo, jamani, kipaza sauti kikakohoa.

"Mwenye katambuga! Moja, jeusi, la tairi! Mwenye katambuga afike mlangoni!"

Lilikuwa limefika. Katika mstari wote ule, tangu mkiani, likisogezwa na fimbo, lilikuwa limefika mbele.

Nilikimbia. La pili nilikuwa nalo mguuni. Nimelivaa tangu mazishi, mguu mwingine peku. Nikalivua, nikaliweka mezani kando ya mwenzake. Karani akalinganisha. Kisha akaangalia daftari la zamu.

"Hii ni zamu ya mjamzito. Mjamzito yuko wapi?"

"Amefariki."

"Basi zamu imekufa. Ondoa."

"Aliacha kiatu akiwa wawili," nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi. "Mmoja nje, mmoja ndani. Wa nje amekwenda. Wa ndani ndiye huyu."

Karani akamtazama mkuu wake. Mkuu akatazama dari. Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, ya Ngwembe.

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyempokea. Na huyu alikuwemo. Kanuni haisemi mtu akizaliwa anapoteza nafasi."

Wakanong'onezana. Walitafuta kanuni inayomkataza mtu kuzaliwa akiwa foleni, hawakuipata.

"Haya," karani akasema. "Swali moja, la lazima. Bila jibu lake sista haruhusiwi kumgusa. Mmesubiri muda gani?"

Akanisogezea kipaza sauti. Kwetu majibu hayo yanatangazwa. Nje watu walisogea kusikiliza. Mama mkwe alikuwa kati yao. Mbele yangu sista mpya, binti mdogo, alikuwa ameshashika bomba la sindano, ananiangalia, anasubiri nijibu. Siwatu alikuwa ameacha kulia. Macho yalianza kugeuka.

"Hatukusubiri," nikasema.

"Kwa sauti, mzee. Taja na jina la mwenye zamu."

"Mwasiti hakusubiri. Hakusubiri hata kidogo."

Nje wakapiga makofi, maana ndiyo kanuni. Sista akamchukua mtoto.

Homa ilishuka kabla jua halijapinda. Bi Kazija akamfunga mgongoni kwangu. Mikono yake ilipokuwa inakaza kanga kifuani kwangu ilikawia kidogo.

Langoni Ngwembe akanisimamisha. "Sista anasema mtoto atarudi kwa chanjo."

"Atarudi."

"Basi acha kimoja."

Nikampa lile ambalo lilikuwa limekaa foleni. Akalipeleka mwenyewe mkiani, akainama kulipanga vizuri, akaona ule waya.

"Mkanda huu umelegea sana," akasema. "Mguu wako si mkubwa hivi. Nikukazie?"

"Usiukaze," nikamwambia. "Uache hivyohivyo ulivyo."